Gereji ya injini za boti Tanga: wamenishushia hedi nzima, kumbe ni vipande vya mpira

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Jina la gereji silitaji, nataka tu mwenye chombo mwenzangu asipite nilikopita mimi.

Mimi ni tajiri wa boti moja ya dagaa, ya mbao, injini ya dizeli iko ndani. Kusi ilipoanza, vijana wakiwa upande wa kisiwa cha Yambe, mfuko wa plastiki ukanasa kwenye tundu la chini linalovuta maji ya kupoza (mifuko imepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini huko baharini bado tunapishana nayo). Maji yakakata, impela (kile kigurudumu chenye mabawa ndani ya pampu ya maji) ikazunguka kavu, na ile ni mpira, ikikosa maji haichukui muda mabawa yanakatika. Alamu ikalia, nahodha akazima, wakavutwa na wenzao mpaka mwalo wa Deep Sea. Hapo simlaumu mtu, bahari ndio ilivyo.

Gereji wakamtuma kijana, akatoa mfuko, akafunga impela mpya, akawasha, maji yakatoka kwenye ekzosi, akachukua hela yake akaondoka. Nilifurahi kweli, nikawa nawasifia kwa watu.

Chombo kutoka tu, kikienda taratibu hakina shida, wakiongeza resi mshale wa joto unapanda, wakipunguza unashuka. Na maji ya ekzosi yanatoka kidogo, mvuke ndio mwingi.

Sasa nahodha wetu ni mtu mzima, amezeekea kwenye vyombo. Ile impela mbovu kijana aliiacha ngamani, mzee akaiokota akaitia mfukoni. Mabawa matatu hayapo. Akaniambia, "Mwanangu, hivi vipande vimekwenda wapi? Pampu inasukuma mbele, hairudishi nyuma. Vimo humu humu ndani." Kazi ilikuwa imeishia hapo jamani, mtu wa kusikiliza tu ndio alikosekana.

Tukaenda nae gerejini. Fundi mkuu amekaa na simu yake. Mzee akatoa salamu, kimya. Yaani mtu anayetakiwa kumwamkia mzee shikamoo, anaanzwa yeye kusalimiwa na bado haitikii! Mzee akamwonyesha impela, hata hajamaliza kueleza jamaa akaichukua akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, akasema, "Wewe mzee kazi yako usukani, injini waachie wenyewe. Hiyo hedi imeshakwenda." Yaani kile kifuniko kizito cha juu cha injini. Hajafungua kitu, hajafika ufukweni, hajauliza hata maji ya ekzosi yanatokaje. Mzee alinyamaza, akatoka nje akasimama juani. Mimi hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo kuliko hela.

Nikamuuliza, gasketi ya hedi ikiungua si tungeona dalili, mbona oili haijageuka kama chai ya maziwa, mbona maji ya rejeta hayapungui, mbona tukiwasha hakuna mapovu kwenye tangi lake? Akanijibu, "Mama, unataka boti itembee au unataka kubishana?" Giza la mwezi, ndio wakati wetu wa kuvua, lilikuwa linaanza, mabaharia wana watoto nyumbani. Nikalipa, laki nane na nusu.

Hedi ikashushwa, ikachongwa, gasketi mpya, na giza lote likapita chombo kimelala. Kwa wasiojua, dagaa wa taa tunamvua usiku usio na mwezi, mbaamwezi ikiingia unakaa mpaka giza jingine, hakuna wa kukufidia. Chombo kikarudi majini, wakaongeza resi, ikachemsha VILE VILE.

Aliyekuja kuitengeneza ni fundi mmoja wa Pangani. Kwanza akamwamkia mzee, halafu akamuuliza maji ya ekzosi yakoje. Ndio pa kuanzia, wenye boti shikeni hili: maji yakitoka mengi kama kawaida na injini bado inachemsha, tatizo tafuta upande wa maji ya ndani, yale ya rejeta yasiyo ya chumvi, yamepungua, thamostati imeganda, au mkanda unateleza. Maji ya ekzosi yakiwa haba, fuata njia ya maji ya bahari toka chini kwenda juu: valvu ya chini, chujio, pampu, kipoza (pale maji ya bahari yanapopoza yale ya ndani), halafu ile elbo ya ekzosi maana masizi na chumvi huwa vinaiziba. Na mfuniko wa rejeta usiguse injini ikiwa ya moto, utaungua uso.

Yeye akafuata njia hiyo hiyo. Valvu safi, chujio safi, pampu nzima, akafungua mfuniko wa kipoza pale maji yanapoingilia. Vipande vitatu vya mpira vimelala juu ya vimirija, chumvi imegandia juu yake. Akavitoa kwa plaizi, akampa mzee mkononi. Asubuhi moja tu, elfu hamsini. Sasa hivi boti inapiga resi ya mwisho na mshale umetulia.

Gereji niwape nyota ngapi? Nilikuja hapa kusema msiende kabisa. Ila nisiwadhulumu, hedi wameifunga vizuri, haivuji popote, na yule kijana wa stoo ya spea ana adabu zake, aliniuzia impela orijino akanishauri nichukue na ya akiba ikae botini. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba kwa spea nendeni, kwa ufundi msiende.

Lakini nikikumbuka mzee wa watu amesimama kwenye lile jua, hapana. Hata spea nitaagiza Dar. Mtu anayeshindwa kuitikia salamu atasikiaje injini inasema nini? Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa stoo.

Nimewapigia simu, nimewaambia hela ya hedi tutaizungumza, kwanza fundi wenu ashuke Deep Sea amuombe mzee radhi mbele ya mabaharia wake. Wamesema watanijibu. Mpaka naandika hapa hawajanijibu.