Uzoefu wangu na kikokotoo cha umbali wa ndege: London hadi Tokyo

Kwa upande wa umbali, kikokotoo hiki nakiamini kabisa. Kwa muda wa safari, hapana.

Nilikitumia kupanga safari ya London kwenda Tokyo. Unaandika majina ya miji, na papo hapo unapata kilomita zipatazo 9,600 pamoja na ramani yenye mstari uliopinda kuelekea kaskazini, ukipita Skandinavia na Siberia. Wapo wanaodhani mstari ule umekosewa, maana kwenye ramani ya ukutani mashariki moja kwa moja ndiko kunakoonekana karibu. Haujakosewa. Dunia ni mviringo, na njia fupi kati ya miji hii inapanda kweli kaskazini. Hapo waliokitengeneza nawapongeza, hata mtoto wa shule ataelewa.

Chini ya ramani sasa: saa 11 na dakika 10. Wanagawanya umbali kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kisha wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hesabu iko sawa, ila ndege haipiti pale ulipochorwa mstari. Tangu 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, mashirika ya ndege ya Uingereza na Japani hayapiti anga ya Urusi. Kwenye skrini ya kiti niliifuatilia ndege yetu ikishuka hadi Bahari Nyeusi, ikavuka Kaukazi na Bahari ya Kaspi, kisha Kazakhstan, ndipo ikaingia China. Tulikaa angani karibu saa 14. Kurudi tulipitia Pasifiki, Alaska na Greenland, na ilichukua muda zaidi. Kwa mtu mwenye mtoto mchanga au miguu inayovimba, saa tatu za ziada si jambo dogo.

Nilijaribu na Helsinki hadi Tokyo, kilomita zipatazo 7,800. Hapo pengo ni kubwa zaidi, kwa sababu safari iliyokuwa ya saa tisa na ushei sasa inafika kama 13.

Upepo nao hawakuuweka. New York na London wanatoa saa 6 na dakika 40 kwenda na kurudi, wakati upepo mkali wa juu huisukuma ndege inayoelekea mashariki na kuichelewesha inayorudi magharibi. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilitoka New York hadi London kwa chini ya saa 5.

Tofauti ya majira wameipatia: Tokyo iko mbele ya London kwa saa 9, na saa 8 Waingereza wanaposogeza saa zao kipindi cha kiangazi.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Ukitaka kujua utakaa kwenye kiti muda gani, fungua ratiba ya shirika unalosafiri nalo. Na wenye kikokotoo, tafadhali andikeni kando ya muda ule kwamba ni wa njia iliyonyooka, isiyo na upepo wala anga iliyofungwa.