Skyrim: kwa nini Maven Black-Briar hafi?

Ndani ya gemu hii ya kubuni nimempiga Maven mshale. Nimemchoma moto. Nimemkata kwa shoka linaloua joka, mbele ya walinzi wake wote. Anapiga goti, anashusha pumzi, kisha anainuka mzima. Mimi ndiye ninayetozwa faini ya dhahabu 40 kwa kosa la kushambulia mtu, na baadaye namkuta kakaa palepale kwenye baa ya Bee and Barb akinisemesha kama mtumwa wake.

Kwa ambao hawajafika mji wa Riften ndani ya gemu, huyu mama ndiye mwenye kiwanda cha pombe ya asali, na kwa kweli mji wote ni wake. Walinzi anawalisha. Chama cha Wezi kinamfanyia kazi. Anajigamba waziwazi kwamba anafahamiana na wauaji wa Dark Brotherhood, na anataka ulijue hilo kabla hujamjibu neno. Mtoto wake mmoja kafungwa kwa kuua, na huko gerezani anakaa kama mgeni wa heshima. Aliyekulia mji mdogo anamjua mtu wa namna hii hata kabla hajafungua mdomo.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Miezi michache iliyopita nilianza upya na nikaamua kupigania upande wa Dola dhidi ya waasi wa Stormcloak. Nilipigana ile vita kwa moyo. Tukaiteka ngome ya Greenwall, eneo la Rift likawa letu, nikapanda farasi kwenda Riften kuona matunda ya jasho langu. Naingia ikulu, mtawala wa zamani, Laila Law-Giver, hayupo. Juu ya kiti cha Jarl, yaani mtawala wa eneo, nani? Maven! Na mtoto wake Hemming kawekwa pembeni yake kama msimamizi wa ikulu. Mimi ndiye niliyempa kile kiti, hakuna aliyeniuliza kama nakubali, na hakuna njia hata moja ndani ya gemu ya kumtoa pale.

Binamu yangu alikuwa kando yangu akisubiri zamu yake. Akaniambia, "Kaka, achana naye, huyo mama hafi." Nikamwambia najua hafi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Mimi nimetoka kwenye Morrowind, gemu ya awali ya mfululizo huuhuu wa The Elder Scrolls, ile ya mwaka 2002. Katika Morrowind kila mtu anakufa. Muuza dawa anakufa, kiongozi wa chama anakufa, hata Vivec, mungu hai mwenye mji wenye jina lake, ukiwa na nguvu za kutosha anakufa. Ukimuua mtu ambaye hadithi kuu inamtegemea, gemu inakuletea ujumbe mfupi kwamba uzi wa unabii umekatika: rudi kwenye seivu yako, au endelea kuishi katika dunia hii uliyoiharibu. Mara ya kwanza kuusoma ujumbe ule nilisimama kwenye kiti. Gemu ilikuwa inanipa heshima ya mtu mzima. Umefanya, umefanya, sasa beba.

Na hata baada ya hapo njia haikufungwa kabisa. Ukimuua Vivec unachukua Wraithguard, ile glavu inayohitajika kumaliza hadithi kuu, kazi ya Wadwemer, watu wa kale waliotoweka, unaipeleka Tel Fyr kwa Yagrum Bagarn, mgonjwa wa corprus, Mdwemer wa mwisho aliye hai, naye anaitengeneza ili uweze kuivaa bila baraka ya mtu yeyote. Hakuna mtu wala alama ya kukuelekeza huko. Waliweka mlango wa nyuma kwa ajili ya mkaidi mmoja kati ya mia, wakanyamaza, wakamwachia autafute mwenyewe.

Nataka kuwa mkweli kuhusu sababu, maana watu watanijibu. Ni kweli kwamba katika Oblivion, gemu iliyofuata mwaka 2006, wahusika walianza kuwa na ratiba zao: wanaamka, wanakwenda kula, wengine wanasafiri barabarani kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mtu anayesafiri anaweza kuliwa na mbwa mwitu, na wewe uko mbali, hujui kitu, misheni yako imekufa naye. Ndipo wakaanza kuwapa watu muhimu kinga, wakipigwa wanazimia halafu wanaamka. Hilo nalielewa, na ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Lakini Skyrim ina kinga za aina mbili! Kuna wahusika wasiokufa kabisa, na kuna wengine ambao joka, mbwa mwitu au jambazi hawawezi kuwamaliza, ila mchezaji mwenyewe anaweza. Dawa ilikuwa tayari mezani. Ungempa Maven kinga ya aina ya pili, asiliwe na wanyama kwa bahati mbaya, halafu mimi nikitoa shoka kwa makusudi, kwa akili zangu timamu, uniache. Wakaamua kumpa ile kinga nzima, tena siyo yeye peke yake. Skyrim imejaa watu wanaoinuka. Unapigana na mtu mwenye kiburi, anapiga goti, na hapohapo unajua kwamba kuna misheni yake huko mbele ambayo wewe hutaki kuifanya, imewekwa, na itakusubiri mpaka uifanye au uache kucheza.

Kwa kuwa nipo Riften, nimalize na Chama cha Wezi. Unaingia sokoni tu, Brynjolf, mmoja wa wezi hao, anakushika kiwiko na kukuomba umtilie mtu mali mfukoni ili asingiziwe wizi. Mji mzima unawachukia wezi hawa. Mjoll, yule mwanamke shujaa, anakueleza wazi anachofikiri juu yao na juu ya Maven. Wewe una upanga, una sauti ya joka, unajua mlango wao uko wapi. Huwezi kukivunja chama hicho, huwezi hata kuanza. Ajabu ni kwamba Dark Brotherhood unaweza kuwafuta: ukimuua mkuu wao, Astrid, kwenye kibanda anakokutaka uue mmoja wa mateka, unapewa kazi ya kuwamaliza wote. Kumbe wanajua kutengeneza! Kwa wauaji wametengeneza, kwa wezi wakachoka.

Morrowind iliwahi kufanya kitu kikubwa kuliko hicho. Chama cha Wapiganaji na Chama cha Wezi vilikuwa vinavutana kichinichini. Bosi wako kule Balmora, Eydis Fire-Eye, anakutuma kwa Sottilde, mtu wa Chama cha Wezi, umnyang'anye kitabu cha siri, kazi ndogo tu, unafikiri. Kumbe ni vita vya wezi na Camonna Tong, genge jingine la wahalifu, na wewe umetumwa upande mmoja bila kuambiwa. Baadaye unaweza kugeuka na kumuua Sjoring Hard-Heart, mkuu mwenyewe wa wapiganaji, na chama kikasafishwa. Au unaendelea kutii mpaka unawaua wakubwa wa wezi. Unachagua, na ukichagua mlango mmoja mwingine unafungwa.

Mengine yaliyopotea nitayataja harakaharaka kwa sababu yananiuma kidogo tu. Mikuki iliondoka baada ya Morrowind na haikurudi. Kupaa angani kuliondolewa kwenye Oblivion kwa sababu miji yake ilitengwa na dunia ya nje, ukiruka juu ya ukuta hukuti mji wenyewe. Kujitungia uchawi wako kulikuwepo tangu Arena ya 1994, gemu ya kwanza ya mfululizo, mpaka Oblivion, Skyrim wakaufuta. Mark na Recall, uchawi wa kuweka alama mahali na kurudi papo hapo, umekwenda. Stadi zilikuwa 27, zikawa 21, zikawa 18. Hili la hesabu silipigii kelele sana, baadhi zilikuwa za bure.

Kuna moja tu ambalo siwezi kulipita hivyo, nalo ni maelekezo. Hapa Arua, Uganda, ukimuuliza mtu anakaa wapi hakupi namba ya nyumba. Anakwambia ushuke stegi ya boda, ufuate barabara ya vumbi mpaka kwenye mwembe, halafu umuulize mama anayeuza chapati. Morrowind inafanya kazi vivyo hivyo. Unashuka kijiji cha Seyda Neen na kifurushi mkononi, unaambiwa nenda mji wa Balmora, ingia baa ya South Wall, muulizie Caius Cosades. Ukiuliza vizuri utaoneshwa. Njiani mtu anaanguka kutoka mawinguni mbele ya macho yako, mchawi aliyejaribu karatasi zake za kuruka, na unaziokota. Ungekuwa unatazama alama kwenye dira usingeinua macho. Skyrim nilijaribu kuzima ile alama. Nikarudi kwa aliyenituma nimsikilize tena, na maskini hana la kuniambia. Anataja jina la pango, basi. Hajui liko kaskazini au kusini, kabla ya mto au baada, kwa sababu aliandikiwa akijua kwamba alama itafanya kazi ya mdomo wake. Ukiizima alama umebaki kipofu.

Nakubali Morrowind nayo ina maelekezo mabovu. Kuna mahali wanakwambia magharibi wakati pango liko mashariki, na utazunguka milima ya majivu mpaka chakula kipoe. Hata hivyo ukilipata ni lako.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba msinunue Skyrim kabisa. Niliandika sentensi hiyo nikaifuta. Ile siku ya kupanda ngazi za mlimani za kwenda High Hrothgar, makao ya watawa, theluji inapiga na muziki wa Jeremy Soule unaingia taratibu, sitamdanganya mtu, hakuna gemu imewahi kunifanyia hivyo. Umeme ulikatika nikiwa karibu kufika juu na nilikaa gizani nikitamani urudi. Nimecheza usiku ambao nilipaswa kulala kwa ajili ya kazi. Gemu mbaya haikufanyi hivyo. Ndiyo maana nina hasira, kwa sababu waliweza kutengeneza mlima ule, halafu wakashindwa kumwacha mwanamke mmoja afe.

Halafu nilifanya jambo lililonigeuza tena. Kwenye kompyuta kuna sehemu ya kuandika amri, na kuna amri ya kumwondolea mhusika kinga yake. Binamu akaitafuta, tukaiandika pamoja, tukaenda ikulu ya Riften. Pigo la kwanza alipiga goti kama kawaida yake, la pili hakuinuka. Binamu akapiga kelele za ushindi mpaka shangazi akaita kutoka chumba cha pili kuuliza kama kuna mtu kaumia.

Na hapo ndipo kulipokuwa kubaya zaidi. Nikalipa faini ya kuua, nikatoka nje kusikia watu wa Riften watasema nini. Hawakusema kitu. Mjoll alinirudishia malalamiko yaleyale. Brynjolf akanikumbusha kazi yake. Kiwanda cha pombe kikaendelea. Hakuna ujumbe uliotokea kuniambia nimekata uzi gani. Mtu aliyetawala mji kwa hofu kalala sakafuni na mji haujui, kwa sababu hakuna aliyekaa chini kuandika mistari mitatu ya siku ile. Nilikaa nikitazama tu. Kinga yake haikuwa ya kumlinda yeye. Ilikuwa ya kuficha kwamba nyuma yake hakuna kitu kilichoandikwa.

Kwa hiyo hukumu yangu leo, na kesho inaweza kubadilika: kama hujawahi kucheza hata moja katika mfululizo huu, nunua Skyrim bila wasiwasi wakati wa punguzo na utafurahi, Maven hatakusumbua kwa sababu hujui ulichonyimwa. Kama una laptop kuukuu, chukua Morrowind na uiendeshe kwa programu ya OpenMW, ambayo ni ya bure, na uvumilie saa za mwanzo ambapo upanga unakosa hata panya. Kama umetoka Morrowind kama mimi, Skyrim itakupa miezi ya raha na usiku mmoja wa hasira usiosahaulika. Nyota nilitaka kutoa mbili. Natoa nne, halafu narudisha moja.

Gemu ya sita ya mfululizo huu ilitangazwa mwaka 2018 kwa picha za milima na muziki, na tangu hapo tunangoja. Mimi sihitaji ramani kubwa zaidi wala milima mirefu zaidi. Nataka nikimuua mtu muhimu niambiwe nimeharibu nini, sokoni wazungumze habari yake, ndugu zake wanitafute, kisha niachwe niendelee kucheza.