God of War: ununue ipi kwanza, na usitoke dukani kabla hujasevu

Lalamiko linalonifikia sana siku hizi ni hili: mtu kanunua God of War Ragnarök, gemu mpya ya mfululizo huu, kwa bei inayouma, kaitia kwenye PS4, na muda si muda yuko kwenye theluji kwenye sleji inayovutwa na mbwa mwitu, mara mwanamke asiyemjua anamvamia. "Dada, huyu ana kisasi gani na sisi?" Kisasi kipo, ila kimeelezwa kwenye gemu ya 2018, na muuzaji wala hakuitaja.

Habari za picha kali na sauti nzito utazipata kwa wengine. Mimi swali langu ni moja: umeme ukikatika Kampala saa mbili usiku, hadithi yako inabaki wapi? Gemu za zamani za Kratos, shujaa wa God of War, zinasevu ukifika kwenye nguzo ya mwanga. Ukikatiwa katikati ya nguzo mbili, unarudia yote, na yule zimwi uliyehangaika naye anakusubiri mzima wa afya. Ya 2018 na Ragnarök zinajisevu zenyewe.

Hata hivyo chaguo langu la kwanza ni PS3 ya mtumba, na sifichi, mimi ni mtu wa PlayStation damu. Tafuta diski ya God of War Collection: ina ya kwanza ya 2005 na II ya 2007 pamoja. Kisha III ya 2010, tena bila kupumzika, kwa sababu II inakatishwa Kratos na Matitani wakipanda mlima Olympus, na III inaanzia hapo hapo. Ukipata Origins Collection, zile hadithi mbili za PSP, chukua. Ascension ya 2013 iache iwe ya mwisho katika hizi za zamani za Ugiriki, ingawa mambo yake yalitokea kabla ya mengine yote. Utamu wa ile ya 2005 ni kutojua kwa nini ngozi ya huyu bwana ni nyeupe kama majivu. Ukianza na Ascension, siri imeshavuja.

Ila PS3 nyingi za mtumba zimefunguliwa, hadi diski ya ndani inayotunza sevu ikabadilishwa na kuukuu iliyotolewa kwenye laptop. Kwa hiyo pale pale dukani cheza ile ya 2005, inayoanzia melini, mpaka nguzo ya kwanza, usevu, uzime, uchomoe waya ukutani, uwashe tena. Sevu yako ipo? Lipa. Akianza kusema anafunga duka, jirani yake hajafunga.

La pili, kama PS4 unayo tayari: ya 2018, halafu Ragnarök ya 2022. Basi. Usikubali III Remastered, yaani ile III iliyong'arishwa upya, eti "hii ndiyo ya mwanzo". Wanasema hivyo kwa sababu katika zile kuu tatu za zamani ni hiyo tu iliyotolewa kwa PS4. Kuanza nayo ni kufika arusini wakati wa kuosha masufuria.

Laptop naiweka ya tatu, na kosa si la laptop. Ya 2018 inataka GB 70 za nafasi, Ragnarök GB 190. Sasa piga hesabu ya bando la kuzipakua. Kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku ilipoondolewa 2021 watu walishangilia, kumbe imezungukia mlango wa nyuma: asilimia 12 kwenye data, na VAT ya asilimia 18 ipo pale pale. Kabla hujamwona Kratos, serikali imeshamwona.

PS2 ni ya bei rahisi, ndiyo, na gemu mbili za kwanza zilizaliwa humo. Lakini bila memori kadi hausevu chochote. Kadi halisi ya Sony ni MB 8. Hizo zilizoandikwa 64 au 128 zimewalia watu wengi safari nzima. Ichomeke juu ya tundu la pedi, washa bila diski, na kama ni tupu isome karibu KB 8,000. Kinachonikera ni hawa wanaoitoa kadi kwenye mashine ya mtumba, wakuuzie PS2 "kamili", kisha kesho yake ukirudi unalalamika, wakuuzie kadi ile ile kwa bei ya pedi mbili.