Kifaa gani ununue kupimia uchachukaji wa sida ya nyumbani

Mapovu yakitulia kwenye kizibo cha kutolea gesi, wengi huona sida (pombe ya juisi ya tufaha) imekwisha kuchachuka na kuanza kuosha chupa. Mapovu hayaaminiki. Chumba kikipata joto yanatoka hata kama hamira imelala, kwa kuwa kinywaji chenye joto hakishiki gesi vizuri. Mfuniko ukivuja yanakoma huku kazi ikiendelea ndani. Cha kufuatilia ni sukari iliyobaki, nayo tunaijua kwa densiti, yaani uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule. Maji ni 1.000, juisi ya tufaha mara nyingi huanza kati ya 1.045 na 1.060, na sida iliyomaliza sukari hufika 1.000 au chini yake kidogo, maana pombe ni nyepesi kuliko maji.

1. Haidromita ya kioo

Anza na hii, kijiti cha kioo kinachoelea juu zaidi kadiri densiti inavyokuwa kubwa, hata kama mfuko unaruhusu makubwa zaidi. Ni rahisi, haina betri, na pombe haiichanganyi. Hakikisha unapata na silinda ndefu, kwani mara nyingi huuzwa kando, na ikiwa fupi haidromita itagusa chini na kukudanganya. Soma karatasi iliyo ndani ya kioo: nyingi zimesanifiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, nyingine kwa 15.6. Ukifika nyumbani itumbukize kwenye maji yaliyokenekwa ya joto hilohilo. Isiposoma 1.000, karatasi huenda imeteleza. Irudishe, au andika tofauti hiyo uwe unaiondoa kila mara.

Sida inayochachuka imejaa gesi, na vipovu vikishika kioo vinakiinua. Mimina sampuli kutoka kikombe hadi kikombe mara kadhaa, izungushe haidromita kwa vidole, kisha soma macho yakiwa usawa wa uso wa kinywaji, si pale kinapopanda ukingoni mwa kioo. Ukianza na 1.052 ukaishia 0.998, tofauti ni 0.054; zidisha kwa 131, una pombe ya asilimia 7 hivi. Sampuli usiirudishe chomboni. Inywe, ulimi nao ni kipimo.

2. Haidromita ya masafa mafupi

Watu huiruka hii, nami naiweka juu ya vyote vya kielektroniki. Ile ya kawaida imebana mistari kutoka 0.990 hadi 1.100 au zaidi, hivyo kutofautisha 1.004 na 1.002 ni kukodoa macho. Hii inaishia karibu 1.020, na mistari yake imeachana vizuri.

Tofauti hizo ndogo ndizo zinazopasua chupa. Sukari gramu 4 hutoa gesi ya kabonidayoksaidi karibu gramu 2, sawa na lita moja hivi ya gesi. Sida ukiifunga ikiwa 1.010, kisha ikashuka hadi 1.000, imechachua zaidi ya gramu 20 za sukari kwa lita. Hizo ni lita 5 za gesi na ushee ndani ya kila lita, na chupa ya kawaida haikutengenezwa kwa shinikizo hilo. Pima leo, pima tena baada ya siku tatu au nne. Namba isipobadilika, na iko karibu na 1.000, endelea. Ikigandia 1.012, hasa palipo baridi, usifunge. Hamira huenda imesinzia tu.

3. Rifraktomita

Hii hukadiria sukari kwa jinsi kinywaji kinavyopinda mwanga. Matone mawili yanatosha, na kwa juisi mbichi ni raha kuitumia. Pombe ikishaingia, inapinda mwanga kwa namna yake na namba inapotoka: sida iliyokauka kabisa bado inaweza kuonyesha Brix 4 (yaani kama asilimia 4 ya sukari). Kuna vikokotoo vya kusahihisha, lakini jibu lake ni makadirio. Inakufaa ukichachusha kidogo kidogo, ambapo kila sampuli ya haidromita inakula kinywaji chako.

4. Kipimo cha kielektroniki kinachoelea

Kinalala ndani ya chombo, mwinamo wake hubadilika kadiri densiti inavyoshuka, na kutuma namba kwenye simu. Kuutazama mteremko kunafurahisha kweli. Ila povu na hamira vikikiganda, mwinamo unabadilika na namba nayo, kwa hiyo siku ya kufunga chupa utarudi kwenye kioo.

Usichukue: vinomita

Kile kibomba chembamba cha kupimia pombe huvurugwa na sukari iliyobaki pamoja na gesi. Sida inayochachuka ina vyote viwili.