Hedifoni za Bluetooth kwenye tv: niliambiwa spika zitaendelea kuongea

Nimechukia, na nitaandika hivihivi nilivyochukia.

Baba yangu alifanya kazi reli miaka mingi, karibu kabisa na injini za treni, na masikio yake yaliishia huko. Ikifika taarifa ya habari ya saa mbili, sauti inapandishwa mpaka majirani zetu hapa Nkuhungu, Dodoma, wanaisikiliza pamoja nasi. Mama kichwa kinamgonga, mtoto wangu halali. Nikaona dawa ni hedifoni zisizo na waya: baba awe na sauti yake masikioni, sisi tubaki na ya tv, ya chini. Sikutaka kingine. Nikaenda duka moja maeneo ya Majengo, nikamweleza kijana wa pale, kisha nikarudia swali ili tusije tukalaumiana: nikiunganisha hizi, spika za tv zinaendelea?

"Zinaendelea dada'angu, wala usiwe na wasiwasi."

Hazikuendelea. Hedifoni zilipokamata tu, tv ikawa bubu. Baba anacheka, anawajibu wabunge, sisi wengine tunatazama midomo ya watu. Mama akauliza, "Na mimi je, siishi humu?" Nikapekua mipangilio ya sauti yote. Tv nyingi ndivyo zilivyo, sauti ikienda Bluetooth spika zake zinakatwa. Zipo zinazoweza kutoa kotekote kwa pamoja, baadhi ya Samsung na LG zina sehemu hiyo. Yetu haina. Ukichomeka hedifoni za waya, spika zinanyamaza vilevile.

Hilo ningelisamehe. Kilichonichoma ni siku niliporudi dukani, nimeongozana na baba. Yule kijana hakumwamkia. Mzee wa mvi amesimama mbele yake na fimbo mkononi, shikamoo haikutoka! Akaishika risiti, akanionyesha maandishi ya chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sijaleta mali mbovu, nimekuletea maneno yako. Akajibu huku anachezea simu:

"Sasa dada, kama mzee hasikii si mumpeleke hospitali? Tv yenu, matatizo mniletee mimi?"

Mbele ya baba. Alidhani hasikii, na baba aliisikia neno kwa neno. Kwenye bajaji hakufungua mdomo mpaka tunafika nyumbani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu anachouziwa, na sioni mstari mmoja wa risiti utaifutaje. Lakini nani atanishitakia kijana asiyejua kumwamkia mkubwa?

Haya, hedifoni zenyewe. Nilikaa niandike msinunue kabisa, nimeshindwa. Fundi wa ving'amuzi alikuja kwa shughuli nyingine, akasikia malalamiko yangu, akageuza king'amuzi nyuma na kusema sauti tuichukue hapa, tv tuiache. Kumbe king'amuzi chetu kinapeleka picha na sauti kwenye tv kwa waya wa HDMI, na wakati huohuo matundu yake ya AV, jekundu na jeupe, yanatoa sauti ileile. Akachomeka hapo kifaa kidogo cha kurushia Bluetooth, moto kinachukua kwenye USB ya tv. Hedifoni zikakamata, na tv inaongea! Baba na sauti yake, mama na yake. Machozi yalinilenga, nasema kweli.

Ila sauti ya masikioni inachelewa kidogo nyuma ya spika. Bluetooth ya kawaida ndivyo ilivyo, labda kirushio na hedifoni vyote viwe na aptX Low Latency, teknolojia ya kupunguza huko kuchelewa. Baba hahangaiki, spika hazisikii sawasawa. Mimi nilizivaa nikasikia mtangazaji anajirudia, nikazivua. Na mkiweka flashi kwenye tv, king'amuzi hakihusiki tena, mnarudi kulekule kwenye ububu. Zipo hedifoni za mawimbi ya redio zinazokuja na kituo chake cha kurushia sauti, ambazo hazina kuchelewa kwa kusumbua. Mwenye uwezo wa kuzipata achukue hizo. Madukani nilikopita hapa Dodoma sikuziona.

Kwa hiyo, ninunue au nisinunue? Kama una mzee mwenye shida ya baba yangu, nunua hata kesho. Hapana, subiri. Kwanza muuzaji awashe tv, aunganishe mbele yako, usikie spika zinaongea, ndipo mkono uende mfukoni. Akikataa, ondoka. Mimi kirushio nimekinunua kwa hela yangu, kwa ahadi ambayo nilishailipia dukani, na kila nikikiona pale nyuma ya king'amuzi hasira inarudi upya, japo baba siku hizi jioni haijafika anauliza kama hedifoni zake zimechajiwa.

Yule kijana nimemwandikia WhatsApp, nikamweleza kuhusu matundu ya AV ili asimdanganye mwingine, na nikamwambia baba anaidai shikamoo yake. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna.