Reli za ngazi zinazofuata mteremko: miezi kumi na moja nyumbani kwa Mama

Ngazi za nyumbani kwa Mama, pale Bugarika, Mwanza, zilifuata mwamba, hazikufuata ramani. Anayeijua milima ya Mwanza ameshanielewa. Kutoka mlangoni kuna vipandio saba vya ustaarabu, kisha kijia tambarare kinachozunguka jiwe kubwa kama kontena, kisha vipandio sita vinavyoshuka kwa hasira hadi njia ya bodaboda. Miaka yote tulishikilia jiwe. Mwaka jana magoti ya Mama yakaanza kugoma, na jiwe likilowa mvua halishikiki.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani alikuja na futi yake, akapima, akakuna kichwa. "Dada, hizi ngazi zilijengwa siku tatu tofauti na mafundi watatu waliogombana." Alisema atachomea kila kipande palepale, na umeme wa kuunga kutoka ndani. Bei haikuwa mbaya, ila nilikuwa nimeshaona mtandaoni reli za aluminiamu za duka moja la Kariakoo, zinazojilaza zenyewe kufuata mteremko. Tangazo lilisema "mteremko wowote". Nikaagiza paneli nne za sm 180 kila moja, na nguzo zake, ambazo zinauzwa kando (hilo utaligundua ukifika kwenye malipo). Jumla pamoja na nauli ya basi: TSh 1,310,000.

Nianze na sifa, maana zipo. Kila paneli ina bomba la juu, bomba la chini, na fito za kusimama katikati. Fito hazijachomewa, zimeshikwa kwa pini juu na chini. Ukiisukuma paneli upande mmoja, mabomba yanalala pamoja kufuata ngazi huku fito zikibaki wima. Ni ujanja uleule wa kitanda cha kamba kinapopoteza pembe mraba, ila hapa umefanywa kwa makusudi. Kwenye vipandio saba vya juu ilikaa kama imezaliwa pale. Kila kipandio kina kimo cha sm 17 na sehemu ya kukanyagia ya sm 28, yaani mteremko wa nyuzi 31 hivi. Hakuna kukata fito kwa pembe wala kuchomea, na moshi haukuingia kwenye mapazia.

Ukitaka kujua mteremko wako, usipime kipandio kimoja. Laza ubao ulionyooka juu ya pua za vipandio vyote, yaani kingo zake za mbele, kisha weka juu yake simu yenye programu ya pima maji. Vyetu vilitofautiana kidogo kimoja na kingine, lakini ubao ulitoa jibu moja la kufanyia kazi.

Sasa makosa, na la kwanza ni letu wenyewe. Fundi wa kuzifunga (si yule wa kuchomelea) alisoma "180" kwenye boksi, akatoboa mashimo ya nguzo sm 180 kutoka nguzo hadi nguzo, akipima kwa mlalo. Paneli ikilala, urefu wake wa mlalo unapungua. Kwa nyuzi 31, zile sm 180 zinabaki kama 154. Mashimo manne ya kitako cha nguzo yakaangukia sm 26 mbele ya pale yalipotakiwa, karibu kipandio kizima. Tukayaziba kwa saruji na alama zipo hadi leo. Karatasi ya maelekezo ina picha nzuri ya familia inayotabasamu, lakini haina mstari hata mmoja unaokwambia uinamishe paneli kwanza, uishikilie mahali pake, ndipo utie alama za nguzo.

La pili ni la mtengenezaji, na ndilo lililoniudhi zaidi. Fito zimepangwa sm 12 kutoka katikati hadi katikati, na unene wa ufito ni sm 1.6. Ngazini, paneli ikilala, fito zinasogeleana na nafasi inakuwa chini ya sm 9. Safi. Kwenye kijia tambarare paneli haijalala, kwa hiyo nafasi inabaki sm 10.4. Wajenzi wengi hushika kipimo cha sm 10 kama mwisho, ili kichwa cha mtoto mchanga kisipenye. Mwanangu wa mwisho ana mwaka na miezi minne na anapenda kuchungulia. Tumefunga waya wa chandarua cha dirishani pale, na sitaki kuficha kwamba ni mbaya kutazama. Reli inayouzwa kwa ajili ya miteremko yote ilipaswa kupigiwa hesabu pale inapokuwa na nafasi kubwa zaidi, yaani ikiwa tambarare.

Halafu vipandio sita vya chini. Kimo sm 20, pa kukanyagia sm 24, nyuzi 40. Tuliisukuma paneli, ikalala, ikalala, ikakwama. Pini ziligonga mwisho wa matundu yake kwenye nyuzi 35. Nikampigia muuzaji. Akaniambia "mteremko wowote wa kawaida". Hilo neno "kawaida" kwenye tangazo halikuwepo. Fundi akatoa tupa, akataka kurefusha matundu. Nilikaribia kukubali, kisha nikamwangalia Mama akishuka. Nusu ya kandambili ilikuwa inaning'inia hewani kila hatua. Amezishuka hizo ngazi zaidi ya miaka ishirini, na mimi nilikuwa nalaumu magoti.

Tukaacha tupa, tukanunua mifuko miwili ya saruji. Fundi mwashi alitindua uso wa zege la zamani ili jipya lishike, akatanua kila pa kukanyagia hadi sm 29. Mguu wa ngazi ukasogea mbele sm 30, na nafasi ilikuwepo, ilikuwa imelaliwa na matairi ya jirani. Mteremko ukashuka hadi nyuzi 34 na nusu, paneli ikaingia kwa shida kidogo. Gharama hiyo siihesabu kwenye reli, ingawa bila reli kukataa tusingeifanya.

Jambo jingine ambalo picha haziwezi kukuonyesha ni kwamba bomba la juu ni bapa. Ni pana, linapendeza, linafaa kuwekea kikombe. Mkono wa Mama haulizunguki. Mtu anayeteleza hahitaji mahali pa kuwekea kiganja, anahitaji kitu cha kukamata. Fundi yule wa kuchomelea, ambaye tulishamkosesha kazi, akarudi kutufungia bomba la duara la stenlesi la inchi moja na nusu upande wa jiwe, kimo cha sm 88 kutoka pua ya kipandio. Mama hushikilia hilo. Reli ya aluminiamu anawaachia wageni.

Tulifunga Julai. Vuli ikapita, masika ikapita. Aluminiamu haijabadilika hata rangi. Bolti zilizokuja nazo zilianza kutoa machozi ya kutu kabla ya Krismasi, tukaziondoa na kuweka za stenlesi. Pini nazo hulegea taratibu. Ukiegemea unahisi mtikisiko mdogo, kisha unakaza skrubu zake na unaisha, kwa muda.

Natoa nyota tatu. Kwa ngazi zenye mteremko mmoja wa wastani, au ngazi za zamani ambazo kila safu ina tabia yake chini ya nyuzi 35, ningenunua tena. Kwa sehemu tambarare nisingenunua, fundi wa mtaani ataifanya kwa bei ndogo na fito za kubana. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji nyuzi za mwisho ni ngapi, akuandikie.

Ile alen ki ndogo (kifunguo cha kukazia skrubu) iliyokuja ndani ya boksi, Mama ameifunga uzi akaitundika nyuma ya mlango. Nikienda kumsalimia ananipa hiyo kwanza, chai baadaye.