GPS ya malori: kipi ununue kwanza na kipi kisubiri

Ukiingia dukani kuulizia GPS ya malori, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni ramani yenye vitone vinavyotembea. Usiinunulie hiyo. Ramani siku hizi kila kifaa kinayo, hata cha bei ya chini kabisa, na kwa mwenye malori ya safari ndefu fedha haziibiwi kwenye ramani. Zinaibiwa kwenye tangi. Ndiyo maana nimepanga mifumo hii kwa kuangalia kwanza inachokuambia kuhusu dizeli.

Nafasi ya kwanza naipa GPS ya kufungwa kwenye nyaya za gari, pamoja na sensa ya mafuta ndani ya tangi. Sensa hii ni fimbo ya kupima kiasi cha dizeli, inayotumbukizwa kutoka juu na kukatwa kulingana na kina cha tangi. Kama lori lina matangi mawili, nunua sensa mbili. Ukifunga moja, tangi la pili umewaachia wenye mpira wa kunyonyea.

Sensa nzuri iliyopimwa vibaya ni hasara tupu, kwa hiyo siku ya kufunga uwepo. Tangi linakaushwa, fundi anamimina lita 20, anasubiri dizeli itulie, anaandika kwenye jedwali namba iliyosomwa na sensa, kisha anamimina 20 nyingine, hivyo hivyo mpaka lijae. Tangi la lita 400 linahitaji hatua 20. Anayemaliza kazi hiyo kwa dakika kumi amenakili jedwali la lori jingine. Matokeo yake ni lita za uongo, na dereva mwaminifu kuitwa mwizi mbele ya wenzake.

Ikipimwa sawasawa, mchoro wa mafuta utakaouona kwenye mfumo unasomeka bila shida. Gari likitembea, mstari unashuka polepole. Mafuta yakinyonywa, unaporomoka ndani ya dakika chache huku gari limesimama. Milimani kama Kitonga dizeli huhamia upande mmoja na mstari unayumba, basi usikurupuke kumpigia dereva simu; subiri gari lifike tambarare. Utaona pia hasara isiyo wizi: injini ya lori ikiunguruma imesimama hula karibu lita 3 kwa saa. Foleni ya usiku kucha mpakani Tunduma bila kuzima injini ni zaidi ya lita 20 zilizoteketea bure.

Nafasi ya pili ni GPS ileile ya nyaya bila sensa. Inawatosha wenye tipa za mchanga na magari yanayorudi yadi kila jioni, ambako mafuta unayapima mwenyewe. Hakikisha inapokea umeme wa volti 24, ina betri ya ndani ili ikutumie taarifa waya ukikatwa, na inahifadhi kumbukumbu za safari pale pasipo na mtandao. Vifaa kama Teltonika FMC130 vinatumia 4G na kurudi 2G pale 4G inapokosekana. Kama magari yanavuka kwenda Zambia au Lubumbashi, uliza laini ya simu iliyomo itafanyaje kazi ng'ambo ya mpaka na nani atalipia.

Ya tatu ni mifumo inayokuja na gari kutoka kiwandani, kama ya Scania, Volvo na Mercedes-Benz. Inajua vizuri injini imechoma kiasi gani na dereva anaendeshaje. Kwa aliyenunua magari mapya ya aina moja, ni nzuri sana. Lakini mwenye Scania mbili, Howo tatu na FAW moja atajikuta na magari mengine hayaonekani kabisa.

Vifaa vya betri vya kubandika ni vya tela. Tela likikatwa kichwa na kuachwa yadi ya watu, hicho ndicho kitakachokuambia lilipo. Kwa kuwa hutuma taarifa mara chache kwa siku ili kutunza betri, kwenye kichwa havifai. Programu ya kwenye simu ya dereva naiweka mwisho kabisa: simu ikizimwa, na lori limepotea.

Kuna kitufe cha kuzima injini kwa mbali, na wauzaji wanakipenda mno. Kikubali tu kama kimewekwa kisifanye kazi gari likiwa kwenye mwendo. Lori lenye mzigo likizimiwa injini mteremkoni, usukani unakuwa mzito na pampu ya upepo wa breki inasimama. Hapo kuna roho za watu.

Kuhusu mtandao wa kusomea taarifa, Wialon hulipiwa, na Traccar ni ya bure ila inahitaji mtu wa kompyuta wa kuisimamia. Muulize muuzaji: nikikuacha, naweza kuhamishia kifaa changu kwa mwingine? Nenosiri la kifaa utanipa? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Madereva waambieni mapema, kwa maandishi, nini kinafuatiliwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Kisha funga kwenye lori moja tu. Lipeleke safari kamili, kwenda na kurudi, kusanya risiti za vituo vya mafuta na uzilinganishe na lita zilizosomwa na mfumo kila lilipojazwa. Zikipishana sana, mrudishe fundi kwenye tangi kabla hujalipia malori yaliyobaki.